Gofu ya Diski Ukiwa na Mtoto Mdogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wazazi wa watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka minne huuliza tena na tena wanapotaka kuendelea kucheza, au wanapotaka kuanza. Majibu yote yanasimama juu ya jambo moja ninaloliamini sana: muda wa kucheza ni kitu kimoja, na muda wa kutembea uwanjani na mtoto ni kitu kingine. Vyote viwili vina raha yake na vyote vinastahili nafasi katika wiki. Ukivichanganya, mshika mawili moja humponyoka, na raundi na mtoto vyote vitakuchosha siku hiyohiyo.

## Mwanzo

1. Gofu ya diski ni mchezo gani?

Ni gofu inayochezwa kwa kurusha diski badala ya kupiga mpira kwa fimbo. Unaanzia kwenye kituo cha kurushia, unarusha, unaifuata diski ilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, hadi iingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Anayemaliza kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Viwanja vingi vina mashimo 9 au 18, na kila shimo lina kikapu chake.

Uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa California, Marekani, mwaka 1975 na Ed Headrick, ambaye pia ndiye aliyebuni kikapu cha minyororo akishirikiana na mwanawe Ken. Mwaka 1976 Headrick alianzisha PDGA, chama ambacho hadi leo hutunga kanuni za mchezo.

2. Kwa nini mzazi mwenye mtoto mdogo achague mchezo huu?

Kwa sababu haumtegemei mtu mwingine. Mpira wa miguu unataka wenzako wafike, na wote wafike saa ileile. Hapa unacheza peke yako ukitaka, unaanzia shimo lolote lililo wazi, na ukipigiwa simu kwamba mtoto ameamka unaondoka bila kumharibia mtu mechi. Raundi iliyokatizwa shimo la sita bado ni mchezo uliochezwa.

3. Raundi moja huchukua muda gani hasa?

Kundi la watu wanne kwenye mashimo 18 linahitaji saa mbili na nusu hadi tatu. Ukiwa peke yako na hakuna foleni mbele, mashimo hayohayo unaweza kuyamaliza kwa saa moja na nusu hivi, na mashimo 9 kwa dakika 40 hadi 50. Ukiwa na mtoto anayetembea kwa miguu yake, sahau hesabu hizi kabisa (tazama swali la 10).

Lakini muda ambao familia inaubeba si huo. Familia inahesabu tangu unapofunga mlango nyuma yako hadi unapoufungua tena: safari, maegesho, kuvaa viatu, maongezi baada ya raundi, safari ya kurudi. Unapoomba muda, taja huo.

4. Ninahitaji diski ngapi?

Mbili za kuanzia: moja ya kutumbukizia kikapuni na moja ya masafa ya kati. Za masafa marefu huenda mbali zaidi, lakini zikitoka mkononi vibaya hupotelea vichakani mbali zaidi pia, na hakuna kinachokula muda wa mzazi kama kutafuta diski kwenye majani. Kanuni zinatoa dakika 3 za kutafuta. Kwa raundi zako fupi jiwekee dakika moja, kisha endelea. Andika namba yako ya simu chini ya diski, maana aliyeiokota akiwa mwungwana atakupigia.

## Kupata muda

5. Naupata wapi muda wa kucheza?

Nianze na pale ambapo wengi hawaupati: mwisho wa wiki mchana. Hizo ndizo saa ambazo nyumba nzima inazihitaji, uwanja umejaa, na raundi moja inakuwa ndefu kuliko ilivyopaswa. Anayetegemea Jumamosi mchana ataishia kucheza mara chache mno na kila mara akiwa na deni nyumbani.

Alfajiri ndiyo saa bora kuliko zote. Ukiwa uwanjani mara tu kunapopambazuka, hakuna foleni, hakuna jua kali, na unaweza kuwa umerudi nyumbani kabla kifungua kinywa hakijaisha. Sharti lake ni usiku: diski, viatu na maji viwe vimekaa mlangoni kabla hujalala, la sivyo utaamsha nyumba nzima ukitafuta soksi. Kama mtoto wako huamka kabla ya jua, alfajiri haitakufaa kwa sasa, na hilo halina ubishi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeamka saa kumi na moja anaweza kulala hadi saa moja akifika miaka miwili na nusu. Jaribu tena baadaye.

Nafasi ya pili ni njiani. Kama uwanja uko kati ya kazini na nyumbani, mashimo matano unaposhuka kazini hayahitaji safari ya pekee. Yahitaji tu kwamba anayekusubiri nyumbani ajue, na kwamba iwe siku inayojulikana, si kila siku unapojisikia.

Nafasi ya tatu ni kubadilishana zamu na mzazi mwingine mchezaji: leo anakaa na watoto wote wawili kwenye bembea ukicheza mashimo 9, kisha mnabadilishana. Ni mpango mzuri sana pale watoto wanapofahamiana, na watoto wa umri huu wakifahamiana hawachoki upesi.

6. Nizungumze vipi na mwenzi wangu bila kugombana?

Zungumzeni mapema, kwa kalenda, na siku ambayo hutaki kwenda kucheza. Ombi linalotolewa mlangoni begi likiwa begani ni taarifa tu, na mwenzako anajua hivyo.

Mambo matatu hutuliza mazungumzo haya kuliko hoja yoyote. La kwanza, saa ya kurudi iwe saa ya kurudi. Ukisema saa nne, uwe mlangoni saa nne, hata kama umebakiza mashimo mawili. Mtu aliyeshinda na mtoto hupanga nguvu zake kufikia saa uliyotaja, na dakika ishirini za nyongeza ni nzito kuliko saa mbili za mwanzo. La pili, mwenzako apate muda uleule, wa kwake, asiulizwe anaufanyia nini. Kama hana mchezo, alale, atoke, akae kimya. Muda wake uandikwe kwenye kalenda kwanza, kabla ya wako. La tatu, usiondoke ukiacha nyuma nepi ya kubadilishwa na mtoto mwenye njaa. Mwogeshe, mlishe, kisha nenda.

7. Je, naweza kutumia usingizi wa mchana wa mtoto?

Ndiyo, ikiwa kuna mtu mzima anayebaki naye. Watoto wengi huacha usingizi wa asubuhi kati ya miezi 12 na 18 na kubaki na mmoja wa mchana, ambao mara nyingi ni wa saa moja na nusu hadi mbili. Hapo mashimo 9 yanaenea vizuri.

Wako wanaotaka mtoto alale ndani ya kigari wakati wao wanacheza. Kwa wengine huwezekana, kwenye uwanja tambarare wenye njia laini. Kigari kiwe kinachoweza kulazwa, mtoto afungwe mikanda, na usikifunike kwa shuka au kanga kumkinga na jua, kwa sababu joto hupanda upesi sana ndani ya kigari kilichofunikwa. Tafuta kivuli badala yake. Binafsi sipendi mpango wote kuutegemeza usingizi wa kigari: minyororo ya kikapu ina kelele, na mtoto aliyeamshwa katikati ya usingizi ataidai familia nzima jioni. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji jumla ya saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na usingizi wake una haki kabla ya raundi.

8. Nina dakika ishirini tu. Nifanye nini chenye maana?

Fanya mirusho ya karibu. Hapo ndipo alama nyingi hupotea, na hapo ndipo dakika ishirini zinaonekana kwenye matokeo. Kikapu cha kukunja kikiwa uani kinatosha. Kama huna, lenga shina la mti au kapu la nguo, ambalo pia halimwamshi aliyelala.

Chukua diski tano, simama hatua tatu kutoka kwenye kikapu. Zikiingia nne au zote, rudi nyuma hatua moja. Zikiingia tatu, baki hapo. Zikiingia mbili au chini, sogea mbele. Kila baada ya mrusho tulia kidogo miguu yote ikiwa imesimama imara, kwa sababu ndani ya mita 10 za kikapu kanuni zinakutaka uonyeshe umetulia kabla hujapita mahali unaporushia. Mazoezi ya miguu inayoyumba yatakugharimu siku ya mashindano.

Mtoto akiwa macho, mpe kazi ya kukusanya diski. Asikimbie kuzifuata moja moja: unarusha zote tano akiwa nyuma yako, kisha mnakwenda pamoja. Watoto wengi wa miaka miwili wataifanya kazi hii kwa bidii ya ajabu, na agizo la "subiri hadi ya mwisho" likizoeleka uani litakusaidia sana uwanjani.

9. Nisipocheza wiki kadhaa nitapoteza kiwango changu?

Utapoteza umbali na usahihi kidogo, na vitarudi. Mirusho ya karibu ndiyo inayoshuka haraka, na ndiyo unayoweza kuitunza nyumbani kwa njia ya swali la 8.

## Kwenda na mtoto uwanjani

10. Aanze kwenda akiwa na umri gani?

Umri wowote, mradi ujue unakwenda kufanya nini. Mtoto wa mwaka mmoja ndani ya kigari ni rahisi kuliko wa miaka miwili, ambaye anataka kushuka, kuokota kila jiwe na kurudi alikotoka. Siku ya kwenda naye, usihesabu alama. Chagua mashimo mawili au matatu mafupi yaliyo karibu na maegesho, nenda saa ambayo uwanja hauna watu, na uwe tayari kurudi baada ya kikapu cha kwanza.

Nasisitiza hili kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi huumia. Mtu anajiambia atacheza raundi yake "na mtoto atakuwepo." Mtoto hawezi kuwepo tu. Akiwepo, siku ni yake.

11. Kigari au mbeleko?

Kigari chenye magurudumu makubwa kwa uwanja tambarare, mbeleko au begi la kubebea kwa milima na mizizi. Ukiwa umembeba mgongoni, usirushe kwa nguvu: mrusho mrefu unatokana na kuzungusha nyonga na mabega kwa kasi, na kichwa cha mtoto huzungushwa pamoja nawe. Mrusho wa karibu, wa mkono peke yake, hauna tatizo. Akiwa kifuani, usirushe kabisa, maana mkono unapita palepale alipo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka 5 asifungwe kwenye kigari au mgongoni zaidi ya saa 1 mfululizo, na mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku. Kwa hiyo mashimo 9 ndiyo mwisho wa kukaa, kisha ashuke akimbie.

12. Asimame wapi ninaporusha?

Nyuma yako, hatua tano au zaidi, akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima asiyerusha, au akiwa amefungwa mikanda kwenye kigari kilichokazwa breki. Haitoshi kumwambia asimame. Mtoto wa miaka miwili huwa ameshakimbia kabla hujamaliza hatua zako tatu za kurusha.

Hatua moja nyuma haitoshi pia. Unaporusha kwa kupitisha mkono mbele ya kifua, mgongo wa mkono ukielekea kikapu, kwanza unavuta diski nyuma hadi mkono unyooke kabisa, na diski inapita usawa wa kifua chako kuelekea nyuma. Mtoto aliyebebwa akiwa karibu anaweza kupigwa kabla diski haijatoka mkononi. Pembeni nako si salama: diski iliyochelewa kuachiwa na mtu wa mkono wa kulia huchomoka kuelekea kulia. Diski huwa na uzito wa gramu 165 hadi 175 hivi, ukingo mgumu, na za wachezaji hodari huenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Ukisikia watu wakipiga kelele ya tahadhari, usigeuke kutazama. Inama, mfunike mtoto kwa mwili wako, mgongo wako uelekee sauti inakotoka.

13. Kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau?

Kikapu chenyewe. Ukingo wa juu wa kapu lake uko kama sentimita 82 kutoka ardhini, na mtoto wa miaka miwili ana urefu wa karibu sentimita 86. Maana yake, chuma kile kiko usawa wa paji la uso wake. Mtoto anayekimbilia minyororo kwa furaha, macho juu, haoni ukingo. Fika kabla yake, weka kiganja chako kwenye ukingo, kisha mwache aitikise minyororo anavyotaka.

Radi ikisikika, ondokeni. Majani marefu yakiwa na kupe, mvalishe suruali ndefu na umkague mwili mkifika nyumbani.

14. Nibebe nini?

Maji, kofia, nepi mbili, nguo ya kubadili, kitafunio anachokipenda kwelikweli, na diski zako mbili. Begi kubwa la diski liache nyumbani.

15. Anataka kurusha na yeye. Nimpe diski gani?

Mpe ya kitambaa au ya mpira laini. Diski za kawaida ni nzito kwa kiganja chake na zikimrudia usoni zitaumiza. Akifika miaka mitatu au minne anaweza kushika diski nyepesi ya kutumbukizia, chini ya gramu 150.

Usimfundishe namna ya kushika. Mwache aiviringishe, aisukume, aitupe juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mnyanyue hadi kwenye kikapu aidondoshe mwenyewe ndani: minyororo inalia, diski inatua kapuni kwa kishindo, yeye anageuka kukuangalia kama umeona, kisha anataka tena. Kama kuna kundi linasubiri, mchukue pembeni na muiendeleze kwenye kikapu cha mazoezi.

16. Amechoka na analia katikati ya uwanja. Nifanyeje?

Maliza hapo hapo. Usimalize shimo kwanza. Hii ndiyo sababu ya kuchagua mashimo yaliyo karibu na maegesho (swali la 10). Ukiondoka kabla hajafika mwisho wa uvumilivu wake, safari ijayo atakubali kwa furaha.

## Hali zenye ugumu zaidi

17. Ninalea peke yangu. Haya ya mwenzi hayanihusu.

Basi swali la 8 ndilo msingi wako, na zamu za wazazi za swali la 5 ndizo mlango wako wa kucheza raundi kamili. Ukipata mtu wa kukaa na mtoto saa mbili kwa wiki, usione vibaya kuzitumia zote kucheza badala ya kufua. Nguo zitafuliwa mtoto akiwepo. Raundi haitachezwa akiwepo.

18. Kundi langu linalalamika kwamba naja na mtoto.

Wana haki ya kucheza raundi waliyokubaliana. Waulize kabla, si mkiwa kituoni. Wakisita, cheza nao siku yako ya kucheza, na siku ya mtoto nenda na mtoto. Mkikuta kundi nyuma yenu, wapisheni bila kungoja waombe.

19. Naweza kwenda kwenye mashindano na mtoto?

Kama mchezaji, hapana, isipokuwa kuna mtu mzima mwingine anayemtunza muda wote. Kanuni zinakupa sekunde 30 za kurusha zamu yako ikifika, na huwezi kumlinda mtoto na kutimiza hilo kwa saa tatu. Mwulize mwandaaji kama watazamaji wenye vigari wanaruhusiwa kufuata kundi. Mara nyingi ni bora wakusubiri kwenye kikapu cha mwisho.

20. Nina mtoto wa miaka miwili na nimejifungua tena. Nirudi lini?

Mhudumu wa afya anayekufuatilia akuruhusu kwanza. Kurusha kunavuta misuli ya tumbo na ya nyonga, ile iliyofanya kazi kubwa zaidi. Anza kwa kutembea uwanja mzima bila kurusha, kisha mirusho ya karibu, kisha ya kusimama bila hatua za mwanzo, na mwisho ile ya nguvu zote. Ukipata maumivu, mkojo kuvuja, uzito sehemu za chini, au tumbo kufura mstari wa katikati unapojikaza, simama na umwone mhudumu.

21. Mtoto wangu haupendi kabisa uwanja.

Usimlazimishe. Jaribu tena baada ya miezi mitatu, kwa saa tofauti ya siku, labda na mtoto mwenzake. Wakati huo siku zako za kucheza zinaendelea kama kawaida, kwa sababu hazikuwahi kumtegemea yeye.

22. Ni lini ataweza kucheza raundi yake mwenyewe?

Watoto wengi wa miaka minne au mitano huweza mashimo matatu hadi sita wakianzia katikati ya njia badala ya kituo cha watu wazima. PDGA ina madaraja ya vijana yanayoanzia watoto wa miaka 6 na chini, kwa hiyo mwenye hamu ana pa kushindania mapema. Kabla ya hapo, mpe alama yake ya kuanzia hatua thelathini kutoka kwenye kikapu, mwache ahesabu mirusho yake kwa vidole, na hesabu ikizidi vidole, anzeni upya kutoka moja.